Udongo Ndani ya Nta

"Usiguse hiyo kubwa, Afande. Zungusha hii ndogo, taratibu."

Inspekta Hyasinta Tluway alifumba jicho moja, akainamia darubini ya maabara ya hospitali, akaona ukungu mtupu. Akazungusha. Ukungu ukatulia, na mbele yake yakatokea madoa ya bluu yaliyobanana, kila doa limezungushiwa duara la kahawia iliyokolea.

"Unaiona hiyo kahawia?" Daktari Beatrice alikuwa mtaalamu wa kuchunguza vinofu vya nyama za wagonjwa. Alikuwa amepanda Karatu kutoka Arusha asubuhi hiyo, kisanduku cha vioo mapajani, kwa sababu Hyasinta alikataa katakata kuelezwa mambo haya kwa simu. "Hiyo ni protini. Hata titi lisilo na ugonjwa linayo, ila kidogo. Saratani ya aina hii inaizalisha kupita kiasi, na ndiyo inayoisukuma ikue mbio. Tunaipaka rangi ili tuione, kisha tunaipa alama. Hicho kioo ni cha Selestina, nyama iliyochomolewa kwa sindano mwezi wa sita. Nimeipa tatu. Juu ya tatu hakuna."

"Na cha pili?"

Daktari akabadilisha kioo. Safari hii Hyasinta aliona bluu iliyopauka, na kahawia hakuna hata chembe.

"Selestina huyohuyo," alisema Daktari. "Titi lenyewe, baada ya kukatwa, mwezi wa saba. Kijana wangu alilisoma akalipa sifuri. Ipo dawa inayoikamata protini hiyo na kuizima. Mwenye tatu inamsaidia sana. Mwenye sifuri unamchosha bure, na dozi zenyewe zinakuja kwa hesabu. Jopo la kugawa dozi linakaa keshokutwa, Ijumaa. Faili la Selestina lina tatu na lina sifuri. Wakilikuta hivyo, nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Pima tena."

"Nipime nini? Nyama ya sindano ni uzi tu, tumeukata mpaka ukaisha. Na uvimbe ulishatolewa wote."

Hyasinta alinyoosha mgongo. Alikuwa mtu wa kesi za ng'ombe na mipaka ya mashamba, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa zake: haamini karatasi mpaka amjue aliyeibeba. Noel, mume wa Selestina, alikuwa amefungua malalamiko kwamba hospitali imebadilisha nyama ya mkewe. Kwa malalamiko hayo Clemensi, mhudumu wa chumba cha upasuaji, alikuwa amelala mahabusu tangu jana. Jioni ya leo Hyasinta alitakiwa awe na sababu ya kumpeleka mahakamani, la sivyo amwachie.

"Daktari, nisaidie. Ni kioo kimekosea au ni mtu?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akaweka kioo cha tatu. "Hii ni nyama ileile ya upasuaji, nimeipaka rangi ya protini nyingine. Hiyo hata mirija ya maziwa iliyo mizima, isiyo na ugonjwa wowote, huwa inaionyesha. Sasa tazama. Mirija ipo, rangi haipo. Hii nyama ilikuwa imeshaanza kuharibika kabla haijatiwa fomalini, dawa ya kuizuia isioze. Kijana wangu hakuangalia hilo, aliangalia protini moja akafunga faili. Kosa letu hilo, nimeshamwambia."

"Kwa hiyo sifuri yako..."

"Inawezekana si sifuri ya ugonjwa. Lakini jopo halitaki inawezekana, linataka nani, lini, kwa vipi. Halafu kuna hivi." Alizungusha kitu chini ya darubini, mwanga ukawa giza, na ndani ya giza zikametameta punje ndogondogo. "Mchanga. Na hicho chekundu ni udongo. Kuna kijani kilichosagika kama majani yaliyotafunwa, na vumbi la mkaa. Nikasema labda ni uchafu wa kwetu. Nikakata ndani zaidi, katikati ya nta tunayogandishia nyama. Umo humohumo."

Hyasinta alirudia kuangalia, mara ya pili na ya tatu. Hospitali hiyo ilikuwa na vigae mpaka kwenye ngazi, na taka zake za upasuaji zilichomwa kwenye tanuru la matofali. Udongo mwekundu ungeingiaje kwenye titi la mtu?

"Usimwambie mtu bado," alisema. "Hata mume."

Mume mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, funguo za gari zikilia mkononi. Noel alikuwa dereva wa watalii, mtu wa Singida aliyeoa Karatu, na tangu Jumatatu alikuwa amempigia Hyasinta simu mara kumi na moja.

"Afande, mbona mnazunguka? Siku ile walipasua wanawake wawili. Mke wangu, na yule mama Mmasai aliyetoka Arash. Resiato. Nyama zimebadilishwa! Sifuri ni ya yule, tatu ni ya mke wangu. Hilo nalo linahitaji upelelezi?"

Hyasinta alimtazama. Hakupenda mlalamikaji anayejua jibu kabla ya swali, na tangu mwanzo alikuwa amemwekea alama ya kuuliza kwenye daftari lake.

"Nani alikwambia habari za Resiato?"

"Tulikuwa wodi moja. Ndugu zake walikuja na basi la Wasso, wako wengi, wana maneno."

"Maneno gani?"

Noel akasitasita. "Basi tu. Wanajua kuhangaikia mgonjwa wao."

"Na wewe unahangaikia wako. Hapo hakuna wizi." Hyasinta alifungua kitabu alichokichukua maabara, akamwonyesha kwa kidole. "Ndoo yenye nyama ya Resiato ilipokewa Ijumaa ileile, Jumamosi ikapanda gari kwenda Arusha. Ya mke wako imepokewa Jumanne. Jumanne, Noel! Hizi ndoo mbili hazijawahi kukaa meza moja. Mwache yule mama wa watu augue ugonjwa wake."

Funguo zikatulia mkononi mwa Noel. Uso ulimshuka. Kwa mara ya kwanza Hyasinta alimwonea huruma, ingawa alama ya kuuliza hakuifuta.

Clemensi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na shati la kazi lililokunjika. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye chumba cha upasuaji, na hakuna aliyewahi kumlalamikia hata kwa kuchelewa. Usiku mmoja wa mahabusu ulikuwa umemzeesha.

"Umekunywa chai, Mzee Clemensi?"

"Nimekunywa, Afande."

"Nyama ya Selestina ulipeleka maabara lini?"

"Ijumaa."

"Kitabu kinasema Jumanne. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Lebo ya ndoo inasema Ijumaa. Na huu?"

"Wangu."

"Basi mmoja wenu mwongo. Wewe au wewe."

Clemensi aliinamisha kichwa.

"Nani alikupa chochote?"

"Sijapewa kitu, Afande. Hata soda."

"Jumatatu saa nane mchana mlinzi wa getini aliandika umetoka na ndoo tupu. Saa kumi na mbili ukarudi nayo imejaa viazi. Viazi vya wapi?"

"Vya kula."

"Nimeuliza vya wapi. Mkeo nimeongea naye asubuhi, anasema wiki ile hajamenya hata kiazi kimoja."

Hyasinta aliwafahamu watu wa kimya: kuna anayenyamaza akipiga hesabu, macho yake yanazunguka chumba kutafuta mlango. Huyu macho yake yalikuwa sakafuni, yametulia kabisa, na hilo lilimtia Hyasinta mashaka zaidi.

"Kuna udongo ndani ya nyama ile," akasema taratibu. "Umeonekana kwenye darubini."

Clemensi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Mtu mwingine angeuliza anafungwa miaka mingapi. Yeye akauliza, "Selestina anapewa dawa au hapewi?"

"Kwa majibu yalivyo, hapewi."

"Mungu wangu." Akajifunika uso kwa viganja. "Mungu wangu, Afande. Niliapa. Niliapa mbele ya mtu mzima, na siwezi kukivunja kiapo. Nifungeni tu."

"Mtu mzima gani?"

Clemensi alitikisa kichwa, akasimama mwenyewe kurudi mahabusu.

Hyasinta alitoka nje akasimama kwenye baridi ya uwanja wa kituo. Aliyenunuliwa haapi mbele ya mtu mzima, anapokea na kuondoka. Majani yaliyotafunwa yakasagika ni mavi ya ng'ombe, mtoto yeyote wa Karatu anajua. Vumbi la mkaa ni jivu la jikoni. Mavi, jivu na udongo mwekundu, hapo hapahitaji darubini, ni uani kwa mtu. Na katika kesi hii nzima mtu mzima mwenye zizi alikuwa mmoja tu, yule ambaye Selestina alikuwa akiuguzwa kwake tangu atoke hospitali.

"Noel!" aliita. "Washa gari. Nipeleke kwa mama mkwe wako."

Kijiji cha Kambi ya Simba kiko juu, chini kidogo ya msitu wa Ngorongoro, na hata saa sita mchana ukungu ulikuwa bado umekalia miti. Maharage yalikwisha vunwa. Bibi Paskalina alikuwa mbele ya nyumba akipeta, ungo ukipanda na kushuka bila haraka. Noel aliishia kwenye gari, umbali wa heshima wa mkwe, akasalimia kwa mbali.

Hyasinta alimsalimu yule mama kwa Kiiraqw, akaulizwa ukoo, akautaja, akaulizwa na wa mama yake. Ndipo akapewa kigoda.

"Selestina amelala," alisema Bibi Paskalina. "Msimwamshe. Usiku wote hakupata usingizi."

"Sitamwamsha, Mama. Nimekuja kukusalimu wewe. Ng'ombe hawajambo?"

"Wapo. Wawili tu siku hizi."

"Niwaone?"

Ungo ukasimama. Ulisimama kwa muda mfupi sana, kisha ukaendelea. "Wamekwenda malishoni."

"Basi nione zizi."

Bibi Paskalina hakupata neno la kumzuia mgeni aliyeulizia mifugo. Akamfuata nyuma, mkono mmoja kiunoni. Zizi lilikuwa la magogo, safi, mavi yamekusanywa pembeni. Nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba, palikuwa na kiraka cha ardhi kisichozidi upana wa ungo. Udongo wake ulikuwa umegeuzwa, jivu limenyunyizwa juu, na mawe yamepangwa kuzunguka ili kuku wasichakure.

"Hapa umepanda nini, Mama?"

"Maboga."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Wa saba."

"Mama." Hyasinta alichuchumaa. "Mimi nimezaliwa Rhotia, nimelima kabla sijajua kuandika. Mvua ilikatika mwezi wa tano. Nani anapanda maboga mwezi wa saba, kwenye vumbi, halafu hamwagilii hata kikombe?"

Yule mama alitazama upande wa msitu. Hyasinta alikuwa amesubiri wezi wengi wa ng'ombe, lakini kumsubiri mama wa mtu kulimkera rohoni.

"Clemensi amelala mahabusu jana," alisema. "Leo nampeleka mahakamani. Amekataa kukutaja. Nimebanana naye saa nzima, anasema ameapa."

"Amelala ndani?" Bibi Paskalina aligeuka. "Yule baba? Si walisema wanamuuliza tu?"

"Amelala ndani, kwenye saruji."

Yule mama akakaa kwenye gogo la zizi.

"Kondo lake la uzazi liko hapo," alisema, akionyesha kile kiraka. "La Selestina. Nililizika mwenyewe siku nilipomzaa. Walipomkata, nikauliza wanaipeleka wapi ile nyama. Mtoto mmoja muuguzi wa wodini akaniambia inachomwa moto na pamba na mabomba ya sindano. Mwanangu achomwe na takataka? Nilimkuta yule baba mlangoni na ndoo. Nilimpigia magoti, mimi na umri huu. Akasema daktari alishachukua ya sindano, hii ni ya kuchomwa tu. Akanipa."

"Ijumaa."

"Ijumaa. Nikaja nikaizika hapo, nikasali. Jumatatu mchana namwona anakuja anatweta. Daktari ameulizia ile nyama, kumbe inatakiwa Arusha. Analia, Afande, mwanamume mzima! Tukafukua. Nikaiosha vizuri kwa maji ya moto, isiende na uchafu. Akaifunika kwa viazi vyangu. Nikamwapisha asimwambie mtu."

Hyasinta alisikia hasira inampanda, na hakuweza kuizuia. "Mama, ile nyama ilikuwa na kitu ndani yake! Kitu ambacho madaktari walikuwa wanakitafuta. Udongo wako umekila, maji yako ya moto yakamalizia. Sasa wanasema Selestina hana ugonjwa wa kupewa dawa ile, na anao! Wiki zote hizi umejua, ukanyamaza, mkweo anatukana watu, mwenzio anafungwa!"

"Alianza mkwe kusema wameibadilisha." Sauti ya yule mama ilikuwa ndogo. "Nikaona afadhali waseme wameibadilisha. Ningemwambiaje mwanangu kwamba nimemzika, halafu nikamfukua?"

Hyasinta alisogea pembeni, akatafuta mahali penye mtandao karibu na tangi la maji, akampigia Daktari Beatrice.

"Siku tatu ardhini, Daktari. Kisha maji ya moto."

Upande wa pili Daktari alishusha pumzi ndefu. "Basi sifuri imekufa. Hakuna jopo litakaloihesabu. Andika karatasi yenye kusema siku na saa, iwe na alama ya aliyefanya. Inifikie kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Ile tatu inasimama peke yake."

Hyasinta aliandikia goti lake, mistari ishirini na mbili, akaisoma kwa sauti. Bibi Paskalina alitikisa kichwa kukubali kila neno, mpaka kilipotolewa kidau cha wino.

"Hiyo karatasi anaisoma nani?"

"Madaktari."

"Na Selestina?"

"Ni faili lake, Mama. Ataisoma."

Yule mama aliingiza mikono yote miwili ndani ya shuka. "Mchukue maneno yangu ukayaseme wewe. Kidole sitii."

"Bila kidole ni hadithi yangu tu. Wataitupa."

"Nimesema sitii. Nifunge badala ya yule baba, mimi naona sawa. Lakini asisome."

"Wiki tatu, Mama."

Wote wawili waligeuka. Selestina alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono mmoja ukutani, sweta la mumewe limemzidi mabega. Ukuta ule ulikuwa wa mbao, na kitanda chake kilikuwa upande wa pili.

"Tangu sifuri ilipokuja ni wiki tatu," alisema. "Nalala mle ndani najiuliza nina ugonjwa wa nani. Wangu au wa yule mama wa Arash. Nimeshaaga watoto moyoni. Na wewe unajua! Unaniletea uji asubuhi, unaniuliza kama sukari imekolea."

"Mwanangu, nilitaka usipotee..."

"Ungeniuliza. Lilikuwa titi langu, Mama. Hukuniuliza ulipolizika, hamkuniuliza mlipofukua. Noel hakuniuliza alipokwenda polisi."

Hyasinta alitazama daftari lake. Maelezo ya Noel yalikuwa kurasa nne, ya Daktari tatu, ya Clemensi moja na nusu. Ya Selestina hakuwa hata amefungua ukurasa. Aliona haya, akafunga daftari.

"Afande, lete hiyo karatasi," alisema Selestina.

Alikuja polepole akishikilia ukuta, akakaa kwenye gogo ubavuni mwa mama yake, akaisoma yote kuanzia juu hadi chini. Mama yake alikuwa analia bila sauti. Selestina aliukunjua ule mkono kutoka ndani ya shuka, akakishika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alama ikatoka nyeusi, yenye mistari yake yote. Hyasinta alivuta karatasi ili isichafuke, lakini Selestina alikuwa bado amekishika kile kidole, na hakukiachia.